Redio ya Drusilla Ina Masikio

Mwaka ule wa sabini na tatu, watu wengi wa milima ya Kisii walikuwa wakilima kahawa bila kujua ladha yake. Waliichuma, wakaibeba hadi kiwandani, wakaiona ikipakiwa kwenye lori la Nairobi, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai. Aliyekuwa amewafundisha wachache kuinywa, miaka kadhaa kabla, pale njia panda kabla ya kufika Keumbu, ni Drusilla, mama yake Kemuma. Alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi na mumewe, kuli wa bandarini, na mume alipofariki akarudi kwao na vitu viwili vya maana: mtoto wake na dele la shaba la kuchemshia kahawa. Dele aliliinjika juu ya jiko la makaa chini ya upenu wa duka lililofungwa, akaegemeza benchi la mkaratusi ukutani, na tangu hapo wanaume wanne hawakukosa kukaa pale kila alasiri. Walibishana kwa Kiswahili, kwa sababu mmoja wao alikuwa Mjaluo, na si adabu kumsengenya mtu kwa lugha asiyoielewa.

Huyo Mjaluo ni Ouma, fundi wa baiskeli kutoka Kendu, ambaye kila mtu alimwita Spana. Karibu naye alikaa Ratemo, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya majani chai kule Kericho, na ambaye hakuweza kueleza jambo lolote, hata mvua, bila kutaja kampuni. Basi wakamwita Kampuni. Wa tatu ni Josiah, mwalimu mstaafu, Msabato wa Nyanchwa. Kanisa lake halikuruhusu kahawa, lakini halikusema lolote juu ya benchi, kwa hiyo alikuja kila siku, Jumamosi tu akikosa, akinywa maji ya moto kwenye kikombe cha kahawa. Jina lake likawa Maji Moto. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Omwenga, mchoma matofali, mzee mwenye mikono mipana na maneno machache. Maneno yake, ingawa machache, ndiyo yaliyochekesha kuliko ya wote watatu.

Baada ya Pasaka, pareto ilimlipa Drusilla vizuri, naye akashuka Kisii mjini akanunua redio. Akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya manjano, akaivalisha, akaiweka kwenye rafu juu ya benchi. Madereva wa malori wakaanza kusimama. Kina mama wa sokoni wakaanza kupita polepole wakati wa kipindi cha salamu. Drusilla mwenyewe alikuwa akichochea makaa kwa kufuata ngoma ya redio, na wakati mwingine alijikuta anatabasamu peke yake kama msichana.

Jioni moja redio ikawahimiza wananchi wajitolee kwa harambee. Omwenga akashusha kikombe chake.

– Wajitolee nini tena? Kuku wangu wameenda. Jogoo ameenda. Matofali nilichoma mwenyewe, nikapeleka kambini kwa chifu, na mpaka leo hiyo zahanati haina hata msingi.

– Ujenzi ni pole pole, mzee, akasema Josiah. Haraka haraka haina baraka.

– Hapana, Mwalimu. Mimi sasa nimeelewa. Chifu amekalia hayo matofali pamoja na kuku wetu. Anaatamia. Ngojeni tu, siku moja zahanati itaanguliwa.

Walicheka mpaka Ouma akamwaga kahawa magotini. Josiah alivua miwani akafuta macho. Ratemo alipiga benchi kwa kiganja, akasema kule Kericho maneno kama hayo yangeandikwa ukutani. Drusilla naye alicheka, mkono mdomoni, akitazama barabara.

Siku ya tatu askari wa chifu alimfuata Omwenga kwenye tanuru lake.

Ilikuwa siku ya baraza. Drusilla alikuwapo, kwa sababu kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu. Chifu alisimama mbele ya watu, kofia yake imekaa sawasawa, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

– Nasikia mimi naatamia. Mzee Omwenga, njoo utuonyeshe vile mtu anaatamia.

Wakamchuchumalisha juu ya rundo la matofali, yale yale aliyoyachoma kwa kuni zake mwenyewe, tangu sala ya kufungua mpaka baraza ilipoisha. Jua lilikuwa kali. Na katikati ya baraza walifika wazazi wa mume wa binti yake, waliokuja kwa kesi ya mpaka wa shamba. Huko kwao, mtu hata kikohozi hukimeza mbele ya mkwe. Omwenga hakuinua macho. Aliona viatu vyao vikisimama, vikigeuka, vikiondoka. Hakuna mtu hata mmoja aliyecheka, na ukimya huo ndio uliomkaa Drusilla kifuani njia nzima ya kurudi.

Kesho yake Omwenga hakuja kijiweni. Wale watatu walikaa, wakaacha nafasi yake wazi kama ya maiti. Drusilla aliwamiminia bila kuulizwa. Hatimaye Ouma akasema kile ambacho wote walikuwa wanakizunguka.

– Lakini nani alimwambia chifu? Tulikuwa sisi tu hapa.

Ratemo hakumtazama yeyote. Alielekeza midomo yake juu, kwenye rafu.

– Hiyo.

– Hiyo nini? akauliza Drusilla.

– Hiyo imevaa kitambaa.

– Redio?

– Mama Kemuma, usikasirike, jiulize tu. Mimi nimekaa kwa kampuni. Kampuni haikupi hata kijiko cha bure. Ukivunja jembe unakatwa. Ukiugua unakatwa. Sasa umeona wapi kampuni inakuimbia bure, asubuhi mpaka usiku?

– Si bure. Nililipa.

– Ulilipa sanduku. Wimbo ulilipa? Habari ulilipa? Yule mtu anasoma salamu, wewe unamlipa? Hakuna! Basi kuna kitu wanachukua. Na mtu maskini ana nini cha kuchukuliwa? Maneno yake tu. Yanaingia huko ndani, yanaenda Nairobi, yanapangwa, kila chifu anatumiwa yake.

Drusilla alicheka. Akatarajia wengine wacheke. Badala yake Ouma alikuwa anakuna kidevu kwa kidole chenye grisi.

– Mimi niliwahi kufungua simu moja imetupwa, kule Kisumu, akasema. Kile kinaongea na kile kinasikia, ndani ni kitu kimoja. Tofauti ni upande tu. Ukigeuza waya, mdomo unakuwa sikio.

– Unaona! akasema Ratemo.

– Na mimi nawauliza kitu kingine, akasema Ouma, sasa amepata moto. Kwa nini serikali inataka leseni ya redio na haitaki leseni ya sufuria? Inataka kujua redio iko nyumba gani. Ya nini?

– Hata baiskeli ina leseni, Spana, akasema Drusilla.

– Ndiyo maana mimi nikiwa juu ya baiskeli sisemi kitu.

Josiah alikuwa ametulia, kikombe cha maji ya moto kati ya viganja vyake. Alipokohoa, wote walimgeukia, kwa kuwa sauti yake bado ilikuwa ya darasani.

– Wahenga hawakuwa wajinga, akasema. Walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mikono ya Drusilla ilisimama juu ya jiko. Aliijua maana ya methali ile tangu Mombasa, na kwa kitambo kidogo alihofia mzee huyu anakwenda kusema jambo zito, jambo la kuvunja benchi. Lakini Josiah aliinua kidole kuelekea rafuni.

– Na hii redio mmeivalisha nguo! Maua ya manjano kabisa! Kikulacho ki nguoni. Sasa mnataka wahenga waseme mara ngapi?

– Nyasae! akasema Ouma, akimwita Mungu kwa Kijaluo na kujishika kichwa.

– Tena wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza Josiah. Itazameni. Ina guu? Haina. Ilishavunjika zamani, sasa inasikia kila la mkuu.

Tangu siku hiyo kijiwe kiligeuka. Mtu akifika, kwanza aliisalimu redio kwa kuinamisha kichwa. Kisha akakaa akasema kwa sauti ya juu, akielekea rafuni, kwamba chifu wetu ni mtu mzuri, hata kofia inamkaa. Ratemo alikwenda mbali zaidi: kila alasiri alisimama mbele ya redio, akavua kofia yake, akaomba barabara ya kwao iwekwe changarawe. Alirudia jina la kijiji mara mbili, polepole, wasije wakaandika vibaya. Ouma akaomba bei ya spoki ipunguzwe. Yote hayo yangemchekesha Drusilla kama si kwamba hapakuwa tena na mazungumzo. Mambo ya kweli yalisemwa kwa kunong'ona, mkono mdomoni, na yakikaribia utamu yalikatwa. Madereva wa malori walionja ukimya huo, wakamaliza kahawa wakiwa wamesimama. Baadaye wakaacha kusimama.

Omwenga alirudi juma lililofuata. Alikaa mwishoni mwa benchi, si mahali pake pa zamani, akashika kikombe na kutazama chini. Walimweleza habari ya redio wote kwa pamoja, wakikatizana, kama watu wanaompa mgonjwa dawa. Aliwasikiliza hadi mwisho.

– Inaweza kuwa, akasema. Akanywa. Hakusema neno lingine siku ile, wala ya pili yake.

Ni ukimya huo wa Omwenga uliomchosha Drusilla. Alilala akiufikiria. Redio yake alikuwa anaipenda, lakini mzee yule alimpenda zaidi, kwa sababu aliporudi kutoka pwani na mtoto mgongoni, wakati shemeji zake walimtazama kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake, ni Omwenga aliyemjengea jiko la matofali la kwanza, akasema atalipwa kwa kahawa mpaka achoke. Hajachoka bado. Drusilla akasema moyoni: nitaitoa redio kwenye lawama, watu waongee tena, halafu tuone.

Nafasi ilipatikana betri zilipoanza kuisha na mtangazaji akawa anaongea kama mtu aliye chini ya kisima. Drusilla akamwomba Ouma afungue mgongo wa redio mbele ya wote. Ouma akazitoa betri, akazipanga juu ya bati la upenu, zipigwe na jua zipate nguvu kidogo, kama watu wote walivyofanya. Redio ikabaki rafuni, mgongo wazi, tumbo tupu. Drusilla akaingiza mkono ndani, akautoa.

– Mmeona? Imekufa. Leo tuongee kama watu.

– Tuongee nini? akauliza Ratemo, bado akinong'ona.

– Mimi nitaanza. Juzi kwa baraza nilisimama karibu na chifu wakati wa wimbo wa taifa. Jamani, yule mtu anaimba kwa pua. Ni kama mbuzi mwenye mafua amekabwa na kola.

Alifanya ile sauti. Alikuwa na kipaji cha kuiga watu, jambo ambalo hakuna aliyelijua pale. Ouma alilia kicheko. Ratemo aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Josiah alisema si vizuri, si vizuri, huku mabega yakimtikisika. Na mwishoni mwa benchi Omwenga alitoa sauti fupi ya puani, ya kwanza tangu siku ya matofali. Drusilla aliisikia, akajua kwamba hata ikitokea nini, kazi haikuwa bure.

Jioni akazirudisha betri.

Asubuhi ya pili yake, dele lilikuwa halijachemka, askari wa chifu alisimama mbele ya jiko.

– Mama, chifu anakusalimu. Alhamisi ufike kwa baraza. Utaongoza wimbo wa taifa.

– Mimi?

– Wewe. Na amesema uimbe bila pua.

Askari alikunywa kahawa, akafuta midomo, akaenda zake. Drusilla alikaa kwenye benchi tupu. Alikuwa ameitaka redio ionekane haina hatia, na sasa haikuwa na hatia kabisa, lakini yeye mwenyewe alikuwa akingojewa juu ya matofali.

Siku ya baraza alivaa gauni lake la Mombasa la buluu. Watu walijaa kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imetangulia. Chifu alimwita mbele, akatabasamu, akatazama watu ili waone anavyotabasamu.

– Mama anajua kuimba kuliko mimi. Tumsikilize basi.

Ambacho chifu hakukijua ni kwamba kule Mombasa Drusilla aliimba kwaya miaka yote ile, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimweka nyuma ya wenzake kwa sababu akiwekwa mbele wengine hawasikiki. Alifungua mdomo. Sauti ikatoka, ikapita juu ya kofia ya chifu, ikavuka barabara, na watu waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi wakaitua wakasimama wima. Wote uwanjani wakasimama wima. Chifu naye akavua kofia akasimama wima, maana nani atakaa wimbo wa taifa ukiimbwa?

Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akaimba wa tatu. Chifu akaanza kurudisha kofia kichwani. Drusilla akavuta pumzi, akaanza tena ubeti wa kwanza.

Kofia ikashuka. Jua lilikuwa linawaka. Jasho lilimtiririka chifu kutoka utosini, likaingia kwenye kola, naye hakuweza kulifuta, wala kusema neno, wala kuinua mkono. Wimbo wa taifa haukatizwi, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu hivyo, tena kwa fimbo. Askari wake walikuwa wamenyooka kama vigingi, macho mbele. Drusilla hakuimba kwa haraka. Ubeti wa pili aliurefusha mwisho. Na katika safu ya wazee alimwona Omwenga, kifua mbele, mikono mipana ubavuni, akisimama kama mtu ambaye angeweza kusimama hivyo mpaka mavuno.

Alipomaliza wimbo mara ya pili, chifu alisema haraka, kabla Drusilla hajavuta pumzi nyingine:

– Asante, mama. Asante sana. Rudi nyumbani.

Alasiri ile kijiwe kilijaa kama siku za kwanza za redio. Madereva wawili wa malori walisimama kusikia habari, wakataka waonyeshwe jinsi kofia ilivyokuwa ikipanda na kushuka. Ratemo alikuwa chifu, Ouma akawa jua. Josiah alisema hajawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa kutii. Hata redio ilisahaulika. Malori yalipoondoka na wakabaki wale wa kila siku, Drusilla akajifuta mikono kwenye leso.

– Sasa semeni, akasema. Mimi nilisema yale maneno betri zikiwa juu ya bati. Spana alizitoa mwenyewe, nyote mkiona. Redio yangu ilikuwa imekufa. Sasa ilisikia na nini?

Wakatazamana. Drusilla aliwaza kwamba amewashinda. Alikuwa bado hajawajua vizuri.

– Bati, akasema Ouma.

– Bati nini?

– Betri zilikuwa wapi? Juu ya bati. Bati ni chuma. Waya ni nini? Ni chuma. Hilo bati limeshikana na bati la duka la pili, la pili limeshikana na la kinyozi. Kutoka hapa mpaka kambini kwa chifu ni bati tupu. Maneno yalitembea juu kama paka.

– Hapo umeacha kitu kikubwa, akasema Ratemo. Lile sinia kubwa la simu za ng'ambo serikali imesimamisha kule Longonot, linaangalia juu mbinguni. Mnafikiri linaangalia malaika? Betri ikilala juani inaliona, na lenyewe linaiona betri. Kampuni ndiyo ilitufundisha tuanike betri juani! Nani mwingine alitufundisha?

– Mama yangu ndiye alinifundisha, akasema Drusilla.

– Na yeye nani alimfundisha?

– Ninyi mnakwenda mbali bure, akasema Josiah. Redio ni kama mtoto anayejifanya amelala. Ilikuwa kimya, lakini yale maneno iliyaweka. Jioni mama akarudisha betri, ikatapika yote. Penye wengi hapaharibiki neno. Maana yake neno likishasemwa mbele ya wengi haliharibiki, linafika kwa chifu likiwa zima.

Omwenga hakuwa amesema kitu, lakini alikuwa amerudi kukaa katikati ya benchi.

Wakati huo akatokea mwanamke mrefu akiwa na vyungu kichwani, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Ouma akainuka kumsaidia kutua, wakasalimiana kwa Kijaluo.

– Huyu ni shemeji yangu, akawaambia. Anyiko, ndugu ya Margret wangu. Anapeleka vyungu Keumbu.

– Karibu, mama, akasema Drusilla, akampa kahawa. Pumzika.

Anyiko alikaa ukingoni mwa benchi, akanyoosha miguu yenye vumbi.

– Nimesikia sauti zenu kutoka kule chini, akasema. Mnagombania nini?

Wakamweleza. Walimweleza vizuri, kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake: matofali, kampuni, simu ya Kisumu, kitambaa, bati, sinia la Longonot. Yeye alisikiliza akinywa kidogo kidogo, akikunja uso kwa uchungu wa kahawa.

– Na hii redio ilinunuliwa lini? akauliza.

– Baada ya Pasaka, akasema Drusilla.

– Pasaka hii ya juzi?

– Hii ya juzi.

– Na kabla ya Pasaka, chifu alikuwa hajui mnasema nini hapa?

Ouma akacheka kwa sauti.

– Chifu huyu? Shemeji, huyo alikuwa anajua kila kitu! Mwaka juzi nilisema hapa hapa pikipiki yake inakohoa kuliko bibi yangu. Kesho yake nikaitwa. Na Mwalimu hapa aliitwa juu ya ile maneno yake ya kura. Ratemo naye, si walikuja kwako juu ya ile…

Maneno yakapunguza mwendo yenyewe, kama mnyororo wa baiskeli unaotoka kwenye meno.

– Ala, akasema Anyiko, bila ubaya wowote, kama anayeuliza njia. Sasa wakati huo nani alikuwa anampelekea?

Josiah alitazama ndani ya maji yake ya moto. Ratemo alianza kukwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Drusilla alishika mpini wa dele, hakulinyanyua. Aliwatazama hao watatu aliowajua hata kwa kikohozi, aliojua nani hupenda tangawizi na nani huipenda kahawa ikiwa nzito, na akaona kwamba redio yake sasa ilikuwa safi kama maji ya mvua, na kwamba hilo silo alilolitaka hata kidogo. Wote walikuwa wamecheka siku ya matofali. Wote walikuwa wamecheka siku ya pua. Mmoja wao alicheka, akanywa, akaaga vizuri, akaenda.

Omwenga aliinua kichwa. Akaanza kuwatazama mmoja mmoja, bila haraka, jinsi alivyotazama matofali yakitoka tanuruni, anapoligonga kila moja kwa kidole kusikia lipi lina ufa. Alimtazama Ouma. Alimtazama Ratemo. Alimtazama Josiah. Gari lilipita barabarani, vumbi likaja, likatua, na hakuna aliyekohoa.

– Ni redio, akasema Ratemo, macho kwenye kiatu.

– Ni redio, akasema Ouma.

– Redio kabisa, akasema Josiah. Hilo halina mjadala.

Kisha wakamgeukia mzee, kwa maana yeye ndiye aliyekaa juu ya matofali na neno la mwisho lilikuwa lake. Omwenga alikiweka kikombe chake tupu kwenye goti.

– Mama Kemuma, akasema, hii redio yako ni mbaya sana.

– Mbaya sana, wakasema wote watatu kwa pamoja, na pumzi zikawatoka.

– Lakini ni yetu, akasema Omwenga. Imekaa na sisi. Hatuwezi kuitupa.

Akanyoosha mkono na kikombe. Anyiko aliwatazama wote, akamtazama shemeji yake, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akajitwika vyungu vyake. Drusilla akalinyanyua dele. Akammiminia mzee kwanza, kisha wale wengine watatu, kila mmoja chake kama kawaida, akiitazama mikono yao ikipokea. Na kila mmoja, kwa sauti yake ya siku zote, alisema asante.